Windows 11 dukani: kipi kilichojificha kinasaidia, na kipi kinakumbuka taarifa za wateja?

MamaKopi_Mwanga

Habari zenu wapendwa. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, tunabaindi ripoti za wanafunzi, tunapiga picha za pasipoti. Lakini kazi inayoleta watu wengi siku hizi ni maombi ya mtandaoni: mkopo wa elimu ya juu, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, ajira za serikali, namba ya mlipakodi. Ukipita msimu wa mikopo utakuta benchi limejaa mpaka nje barazani, wazazi wengine wametoka Kalinzi na Mwandiga alfajiri na bahasha ya vyeti kwapani.

Kompyuta zetu za zamani zilikuwa za Windows 10. Huduma yake ilipofikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025 nikaona si haki kupitisha vyeti vya watu kwenye mashine isiyopata tena kinga mpya, tukahamia Windows 11. Yanayoonekana kwa macho kila mtu anayajua: menyu imehamia katikati, pembe za madirisha zimekuwa za mviringo. Hayo hayanihusu sana. Nataka tuzungumze yale ambayo hakuna aliyetuonyesha, tunayakuta wenyewe katika kubonyeza.

Kijana wangu wa kuchapa ndiye aliyenionyesha kitufe cha Windows pamoja na V. Tulizoea kwamba ukikopi kitu, kisha ukakopi kingine, cha kwanza kimekwenda. Sasa ukibonyeza hivyo kinafunguka kidirisha chenye orodha ya ulivyokopi, hadi 25, maandishi na picha, unachagua unachotaka kupesti. Kwa kazi yetu ni neema. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na mtu mmoja anaweza kuhitaji kuijaza kwenye mifumo mitatu kwa kikao kimoja. Ukiiandika upya kila mara, iko siku utaruka sifuri na maombi ya mtoto wa watu yatakwama. Kijana anaiandika mara moja, mwenye kitambulisho anaisoma kwa sauti kuihakiki, basi, kuanzia hapo ni kupesti tu.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ujiji alikaa pembeni ya kijana wakijaza fomu ya binti yake. Kijana akabonyeza Windows na V, orodha ikashuka. Juu kabisa namba ya binti. Chini yake namba ya mtu mwingine. Chini yake namba ya simu, na chini ya hiyo neno lenye herufi na tarakimu, ambalo yeyote angejua ni nywila ya mteja aliyeondoka asubuhi. Yule mama akasogea karibu na skrini, akasoma, akauliza kwa upole kabisa: "Na za mwanangu zitabaki humo?"

Kijana alifuta orodha palepale mbele yake. Lakini swali lile limenikaa kichwani. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu akiipata pamoja na namba ya simu, tayari ana pa kuanzia kukupigia akijifanya ofisa wa mahali fulani, na utapeli wa simu hakuna asiyeujua.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili kwa pamoja. Nyinyi mnaotumia Windows 11 kazini, ni kipi kilichojificha mlichokuta kinasaidia kweli? Na kila mnachokitaja, naomba mniambie kinakumbuka nini, kinakiweka wapi, na kinafutwaje.

Fundi_Kibirizi

Dada yangu, umeuliza jambo la maana. Mimi natengeneza kompyuta jirani na mwalo wa Kibirizi, wateja wangu ni maduka kama lako na ofisi za wenye maboti.

Kwanza nikuweke sawa: hiyo Windows na V haikuja na Windows 11. Imo tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, ila inakuja imezimwa mpaka mtu aibonyeze mara ya kwanza na kukubali kuiwasha. Ndiyo maana watu wamekaa nayo miaka bila kujua. Ukiiwasha kompyuta upya orodha inafutika, isipokuwa vile vilivyobanwa kwa alama ya pini. Hapo ndipo pa kuchunga: kijana akibana kitu bila kukusudia, kitakaa mpaka atokee mtu wa kukibandua. Juu ya orodha kuna kitufe cha kufuta vyote, nacho pia kinaviacha vilivyobanwa.

Kilichonifurahisha mimi ni Snipping Tool. Windows, Shift na S unakata kipande cha skrini, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukiifungua picha uliyoikata, kuna kitufe kinachosoma maandishi yaliyomo ndani ya picha. Mwenye boti ananitumia kwa simu picha ya orodha ya mizigo iliyochapwa: mifuko ya saruji, madumu ya mawese, magunia ya chumvi ya Uvinza, majina ya wenye mali. Zamani ningekaa niichape yote. Sasa naifungua kwenye skrini, naikata, nabonyeza, maneno yote yamekuwa maandishi ya kukopi. Kiswahili kinasomeka vizuri kwa sababu herufi zetu hazina alama juu wala chini. Mwandiko wa mkono usiutegemee, na namba uzipitie moja moja, maana sifuri na herufi O zinachanganyika.

Na humohumo kuna kitufe cha kuziba namba za simu na anwani za barua pepe zilizomo kwenye picha kabla hujaituma kwa mtu. Unabonyeza, zinafunikwa. Lakini angalia dada, kimetengenezwa kwa simu na barua pepe. NIDA hakiitafuti. Hiyo ifunike mwenyewe.

Sasa tuje kwenye bando, ambalo ndilo linaloua maduka yetu. Kila mashine ya Windows inajipakulia masasisho yake. Una mashine tatu, maana yake unalipia kitu kilekile mara tatu. Ingia kwenye mipangilio ya Windows Update, shuka kwenye chaguo za ziada, utakuta kitu kinaitwa Delivery Optimization. Kiwashe, uchague vifaa vya mtandao wako wa ndani tu. Mashine moja ikishapakua, nyingine zinachukua vipande kutoka kwake kupitia ruta yenu hapohapo dukani. Chaguo la pili, lile linalojumuisha kompyuta za kwenye intaneti, usiliguse. Ukilichagua, mashine yako inaweza kuwapelekea watu usiowajua vipande vya masasisho kwa bando lako wewe.

Mchana weka alama kwamba mtandao wenu ni wa kulipia kwa kipimo. Iko kwenye sifa za Wi-Fi uliyounganisha. Masasisho mengi yatasubiri, na wateja wako hawatakaa wakitazama ukurasa unaozunguka. Usiku ukiwa na bando la usiku, ondoa alama, washa kwanza mashine moja imalize, ndipo uwashe zilizobaki. Kuna pia kitufe cha kusimamisha masasisho hadi wiki tano, lakini usikifanye makazi. Mashine inayoingiza flashi za kila mtu aliyeko mjini ndiyo inayohitaji kinga mapema kuliko zote.

Nipo_Ipuli

Shikamoo mama. Mimi nasoma chuo, nipo Ipuli, Tabora.

Kwangu mimi ni Windows, Ctrl na L. Inaandika chini ya skrini kila kinachosemwa ndani ya kompyuta. Tuna video nyingi za masomo za Kiingereza, wahadhiri wanaongea haraka na lafudhi zao ni ngumu. Sasa nasikiliza huku nasoma, na rafiki yangu ambaye sikio moja halisikii anafuatilia bila kuniuliza kila dakika amesemaje. Mara ya kwanza inapakua faili la lugha. Baada ya hapo hata bando likiisha inaendelea kuandika.

Kuhusu swali lako la kukumbuka: haitunzi kitu. Ukifunga kile kidirisha, maandishi yamekwenda. Nilitamani yangebaki ili niyasome tena, lakini nimesoma ulichoandika nikaelewa kwa nini ni heri yasibaki. Kwa Kiswahili usiijaribu ikiwa kwenye Kiingereza, inatoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Mwl_Kasulu

Salaam kwenu. Nafundisha sekondari huku Kasulu. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ni moja na walimu wote tunaitumia, kwa hiyo hili la dada wa Mwanga linatuhusu moja kwa moja.

Notepad ya Windows 11 si ile mliyoizoea. Ina vichupo kama vya kivinjari, na ukiifunga bila kuhifadhi inatunza ulichoandika. Ukiifungua tena unakikuta. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta yake ni msaada mkubwa. Kwa ofisi ya walimu fikirieni hivi: mimi naandika rasimu ya maswali ya mtihani wa muhula, kengele inalia, naifunga nakwenda darasani nikiamini sijahifadhi popote. Anayekuja baada yangu, au mwanafunzi aliyeitwa kusaidia kuchapa orodha ya majina, anafungua Notepad na maswali haya hapa. Dawa yake ipo ndani ya mipangilio ya Notepad yenyewe, pale inapouliza ianzeje ikifunguliwa: chagua ianze upya na kutupa ambayo hayakuhifadhiwa.

Kuna na lile dirisha la mafaili. Ukilifungua tu linakuonyesha mafaili yaliyotumika karibuni. Jina la faili peke yake linaweza kutoa siri. Faili lenye jina la nidhamu ya mwanafunzi fulani halihitaji kufunguliwa ili lidhuru. Kwenye chaguo za folda kuna sehemu ya faragha, unaondoa alama ya kuonyesha mafaili ya karibuni, na pembeni kuna kitufe cha kufuta yaliyokwisha kuorodheshwa. Dirisha hilohilo lina mazuri yake pia: linafungua vichupo kwa Ctrl na T, na linafungua mafaili yaliyobanwa ya RAR bila kutafuta programu ya bure huko mtandaoni, ambazo nyingine zinakuja na uchafu.

Ila dada, hapa naomba tutofautiane kidogo. Nimeona mwelekeo wa maneno yako ni kuzima kila kinachokumbuka. Mwalimu anayeingiza alama za madarasa manne akiwa na orodha ya Windows na V anamaliza kabla ya jua kuzama. Bila hiyo anabaki ofisini. Tulichofanya sisi ni kumpa kila mwalimu akaunti yake kwenye mashine ileile. Orodha ya kukopi, Notepad, mafaili ya karibuni, vyote vinakwenda na akaunti. Nikitoka kwenye yangu, mwenzangu akiingia kwenye yake hakuti kitu changu. Kumbukumbu inabaki, ila inabaki kwa mwenyewe.

MamaKopi_Mwanga

Asanteni sana. Mwalimu, sijakataa, na nimelifikiria ulilosema kwa muda. Lakini ofisi yako ina watu wanaojulikana na wanarudi kesho. Mimi nikimfungulia akaunti kila anayeingia kutoka stendi, jioni nitakuwa na akaunti kuliko karatasi. Dukani mwenye kumbukumbu na mwenye kompyuta si mtu mmoja, hapo ndipo tunapoachana.

Nimegawa hivi. Kompyuta ya mbele, anayokaa mteja mwenyewe, nimeifungulia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na orodha ya kukopi nimeizima kabisa. Kivinjari tunakifungua kwa dirisha la mgeni. Kwenye Chrome unabonyeza ile alama ya mtu juu kulia unachagua mgeni. Mteja akimaliza tunafunga madirisha yote ya mgeni, na barua pepe aliyoingia, historia, nywila, vyote vinaondoka. Kabla ya hapo kuna watu walikuwa wanaondoka akaunti zao ziko wazi, anayefuata anakaa mbele ya barua za mwenzake. Ila mjue dirisha la mgeni halifuti mafaili yaliyopakuliwa. Yale yanabaki kwenye folda ya vipakuliwa.

Kompyuta za ndani, za kuchapia, orodha nimeiacha imewashwa, na sharti ni moja: mteja anapoinuka, kabla hujaita anayefuata, Windows na V, futa vyote, na hakikisha hakuna pini. Vijana wameshazoea, mkono unakwenda wenyewe. Na wakienda kwenye mashine ya kopi, Windows na L, skrini inajifunga.

Fundi, hiyo Snipping Tool yako nimeipenda, na nimeifuatilia mpaka mwisho. Kila unapokata skrini, nakala inahifadhiwa yenyewe kwenye folda ya picha, ndani ya folda ndogo ya picha za skrini. Hukuombwa ruhusa wala huoni. Nimefungua folda ile nikakuta vipande vya vyeti, vya risiti, vya vitambulisho. Kwenye mipangilio yake kuna swichi ya kuzima kuhifadhi kwenyewe, nimeizima mashine zote. Nimekagua pia printa: ndani ya sifa zake kuna alama ya kutunza nyaraka zilizokwisha kuchapwa. Kwangu haikuwa imewekwa, lakini kagueni zenu. Na wenye zile mashine kubwa za kopi, nyingine zina diski ndani inayoweza kubaki na picha za kilichopita juu ya kioo, muulizeni aliyewauzia.

Lililonisumbua zaidi ni folda ya vipakuliwa. Windows ina kitu kinaitwa Storage Sense, kinafuta chenyewe yaliyomo humo kama hayajafunguliwa kwa siku 1, 14, 30 au 60, unachagua. Ukikiacha kama kilivyokuja hakigusi folda hiyo. Mwanzoni nilitaka kuweka siku 1 na kulala usingizi. Halafu nikawaza wateja ninaowajua. Mzee anatoka Kalinzi, hana simu ya kupokea faili, hana flashi, hana barua pepe zaidi ya ile tuliyomfungulia sisi. Mfumo wa maombi unagoma saa kumi jioni, anaambiwa arudi kesho, na kesho yenyewe inaweza kuwa Jumatatu kwa sababu ya nauli. Vyeti vya mjukuu wake tumeshaviskani, tumevipunguza ukubwa ili mfumo uvikubali, tumevipa majina sahihi. Nikivifuta, akirudi naanza naye upya na yeye analipa upya. Kwa mtu kama huyo kompyuta ya dukani ndiyo kabati lake pekee la mafaili, na nikijisifu kwamba nafuta kila kitu kila jioni nitakuwa nimemlinda kwa kumuumiza.

Kwa hiyo nimeweka siku 14 kwenye mashine za ndani na siku 1 kwenye ile ya mbele. Na kabla mteja hajainuka tunamuuliza: nikutunzie mpaka ukamilishe, au nifute sasa? Anayesema futa, tunafuta akiona, na pipa la taka tunalimwaga akiona. Anayesema nitunzie, faili lake linakwenda kwenye folda yenye jina lake, ndani ya akaunti yangu mimi peke yangu, yenye nywila. Akimaliza maombi, linaondoka. Wengi hawakujua kwamba wana haki ya kuulizwa. Dada mmoja alinitazama akasema kote alikopita hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tena si hisani tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kusudi alilozikusanyia, na asizitunze kupita muda unaohitajika. Sisi wenye stesheneri tunashika vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya shule, barua za mahakama, majibu ya hospitali yanayoletwa kukopiwa. Naomba wenzangu wa hapa Mwanga, wa Gungu na wa Ujiji tulichukulie hivyo.

Karani_Ujiji

Dada umesema kweli tupu. Na mimi nina stesheneri ndogo huku Ujiji, kompyuta moja tu. Nimeifanya leo ile ya picha za skrini, nimekuta folda imejaa.

Swali langu ni la flashi. Mwanafunzi anakuja na flashi, tukiichomeka folda zake zote zimegeuka njia za mkato, ukibonyeza hakifunguki kitu, au kinafunguka na flashi ya mteja anayefuata inaugua. Wengine wanalia kabisa, kazi ya utafiti imo humo. Windows 11 ina kitu cha kusaidia hapo au ni lazima kufomati?

Fundi_Kibirizi

Usifomati! Mafaili mara nyingi yapo palepale, yamefichwa tu. Kirusi kinaificha folda ya kweli na kuweka mbele yake njia ya mkato yenye jina lilelile.

Chomeka flashi, usibonyeze chochote ndani yake. Tazama imepewa herufi gani, tuseme E. Iskani kwanza: bonyeza kulia juu ya flashi, chagua kuiskani na Microsoft Defender. Ikimaliza, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua kile kidirisha cheusi, andika mstari huu na kuubonyezea Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri mstari urudi. Fungua flashi, folda za kweli zitakuwa zimetokea. Zile njia za mkato, na faili lolote ambalo mwenye flashi halitambui, futa. Halafu hamishia kazi yake mahali salama kabla ya kumrudishia.

Cha kuzuia kisirudi ni kitu kidogo ambacho Windows 11 bado inakuja nacho kimezimwa. Kwenye dirisha la mafaili, menyu ya mwonekano, washa kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, na washa kuonyesha vilivyofichwa. Bila hivyo faili linaloitwa CV.pdf.exe utaliona kama CV.pdf, utalibonyeza ukidhani ni karatasi ya mtu kumbe ni programu. Likiwa wazi, hata kijana wa siku ya kwanza kazini ataona exe mwishoni na kunyanyua mkono. Na kwenye mipangilio ya vifaa vya Bluetooth na vinginevyo, zima AutoPlay, flashi isijifungulie kitu yenyewe.

Wewe mwenye kompyuta moja, dada, fanya kama mwalimu alivyosema lakini kwa akaunti mbili: yako ya kazi, na ya kawaida kwa wateja na flashi zao. Ukiwa na flashi usiyoijua, kaa kwenye ile ya kawaida. Programu ikitaka mamlaka makubwa itakuomba nywila ya akaunti yako, na hapo utajua kuna jambo.

MamaKopi_Mwanga

Fundi, Mungu akubariki. Mchana huu amekuja kijana wa chuo na flashi ya namna hiyohiyo, tumefuata hatua zako, folda za ripoti yake zimetokea zote pamoja na picha. Ule mstari nimeuchapa kwa herufi kubwa nimeubandika ukutani juu ya printa, na pale penye E nimeacha kiboksi kitupu, nikaandika chini yake: angalia kwanza herufi ya flashi.

Karani, ukishafungua akaunti ya pili, kumbuka kwamba mipangilio haiendi nayo. Viambishi vya majina, orodha ya kukopi, Notepad na ile swichi ya Snipping Tool, vyote uvipange upya ndani ya akaunti ya wateja, maana huko ndiko vinakohitajika zaidi. Ukikwama pita Mwanga tufanye pamoja.